Taa Zilipozimika Toledo

Omaha, 4 Machi 1976

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limekupa nafuu na Mama hajambo. Mimi mzima, ila Doyle, mwimbaji wa bendi yetu, koo limemkauka kwa baridi ya huku Nebraska.

Baba, santuri yetu ya tatu imezama kama mbili za kwanza. Cha ajabu, jana tulipopiga, watu walipanda juu ya viti. Watu haohao wakifika dukani hawatuoni. Kampuni inatupa nafasi ya mwisho: turekodiwe jukwaani, mbele ya watu, maana ni rahisi kuliko studio. Hiyo nayo ikianguka, kila mtu arudi kwao. Doyle anasema wanatushonea sanda. Shemeji yake ameshamwekea kazi ya kuuza rangi. Tumeambiwa tuchague ukumbi wenyewe, na hatuelewani.

Mwanao,
Leszek

Toledo, 15 Machi 1976

Leszek mwanangu,

Marahaba. Sisi tunapumua. Goti linatabiri mvua kuliko redio, na mama yako anauliza kama unakula.

Santuri yenu nimeisikiliza. Mama yako alitoka jikoni akauliza nani anaumwa. Usikasirike. Mnapiga kama watoto waliovalishwa nguo za kanisani wakakatazwa kukaa chini. Sio ninyi mliokuwa mkinitikisia kuta za gereji.

Njooni nyumbani. Ukumbi wa kuteleza kwenye barafu upo, na mtaa wote wa Lagrange utakuja, hata wasiopenda kelele. Mcheza kwao hutuzwa. Huyo Doyle mwambie rangi haiozi, itamngoja.

Baba yako

New York, 20 Juni 1976

Baba,

Shikamoo tena. Huku joto kali, lakini afya ipo. Nimechelewa kuandika kwa sababu tunagombana.

Unakumbuka usiku ule tuliporekodiwa kwenye ukumbi wa barafu, taa zilivyozimika katikati ya wimbo wetu wa Mto Maumee? Gitaa zikafa, Doyle akabaki kama mtu aliyenyang'anywa kijiko mdomoni. Nikajua ndiyo basi. Kumbe watu wakaendelea wenyewe gizani mpaka ubeti wa mwisho, wakipiga miguu sakafuni. Na gari la kurekodia, kule nje, lilikuwa na jenereta yake! Yote yamenaswa. Hata mwanamke mmoja anasikika, kaenda kombo na sauti, wala hajali.

Mtayarishaji wetu, Bwana Abbott, anataka sehemu hiyo ikatwe. Ameniuliza, "Nani atanunua bendi isiyopiga?" Doyle yuko upande wake, anaona aibu kwamba alinyamaza. Mimi nataka ibaki. Ungekuwa wewe?

Leszek wako

Toledo, 25 Juni 1976

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima, nyanya za mama yako zimeanza kuiva.

Huyo mwanamke ni Bibi Nowicki wa duka la mikate, aliyetuitia polisi kwa ajili ya gitaa lako. Nilisimama ubavuni pake. Maneno yote anayajua.

Msikate. Mkikata hapo mmewafukuza watu wetu ukumbini. Na Doyle mwambie hivi: ulinyamaza, ukaimbiwa. Ni wangapi wamewahi kuimbiwa?

Baba yako

Cleveland, 9 Novemba 1976

Baba na Mama,

Shikamooni. Mnisamehe ukimya, hata usingizi siupati, lakini ni uchovu wa heri.

Doyle aliisoma barua yako mara mbili, kisha akamwambia Bwana Abbott aweke mkasi chini. Santuri ilipotoka, mtangazaji mmoja wa redio hapa Cleveland akaucheza wimbo wote, giza na yote, na simu zikamiminika mpaka akaurudia. Sasa kila mji wanautaka. Zile santuri zetu tatu zilizokufa zimefufuka, kampuni inazichapa upya. Tulizoea kuwafungulia wengine jukwaa. Jumamosi ya tarehe ishirini, Chicago, wengine wanatufungulia sisi. Tukifika kwenye ubeti ule tunaacha kupiga, na watu wanauchukua. Doyle hulia kila siku, anasema ni moshi wa jukwaani.

Njooni Chicago. Tafadhali.

Leszek

Toledo, 13 Novemba 1976

Leszek,

Marahaba, mwanangu. Tu wazima kupita kiasi.

Jumatano, saa ya chakula kiwandani kwetu, redio iliwapiga. Ubeti ule ulipofika, watengeneza vioo wote waliweka mikate chini wakaimba. Msimamizi mpya akaniuliza bendi ya wapi hiyo. Nikamwambia, "Ya nyumbani kwangu." Kisha nikamwonyesha kwa kidole picha yako kwenye jalada la santuri nililolibandika ukutani. Wenzangu wakaanza kupiga meza.

Mama yako anakunja pierogi, yale maandazi yetu ya kuchemsha yenye viazi ndani, za kulisha bendi nzima na Bibi Nowicki ameomba kiti garini. Usijibu barua hii. Jibu halitatukuta, tutakuwa njiani kuja Chicago.

Baba yako