Baba, Ngitili ya Kwenye Ramani

Baba yangu,

Shikamoo huko uliko. Kuanzia Buzuruga mpaka Nyegezi, tafuta mtu mwenye bahati kama Masalu wako, humpati. Kampala nimefika, Kigali nimefika, Dar nimelala hoteli yenye lifti. Na wakati wenzangu wamerithi ugomvi, mimi nimerithi ngitili: malisho yanayofungwa masika, yakafunguliwa kiangazi majani ya wengine yakiisha.

Ile ramani ya wapimaji wa mkoloni ulikuwa unaitandaza kitandani kila Jumapili, mama akilalamikia shuka lake. Shule mimi iliniacha darasa la sita, lakini ramani nilisomea kwako. "Mistari ikibanana, hapo mlima," ulisema. "Ikiachana, hapo ng'ombe anatembea kama bwana harusi." Kisha kidole chako kinatua pale pale, kati ya lambo la kunyweshea na josho la kuogeshea ng'ombe. "Nikifa, hapa pako, Masalu."

Nikaamini. Kiangazi hiki nikawakusanya ng'ombe wangu wote niliokuwa nimewawekesha kwa watu. Unajua mwenyewe, ukimwondolea mtu ng'ombe ambao watoto wake wanakunywa maziwa yao, hawapokei tena. Mzee Ngassa, mmoja wa walionitunzia, akaniuliza, "Unawapeleka wapi na ukame huu?"

"Kwenye ngitili yangu, mzee. Wewe baki na vumbi lako."

Watu wakacheka, nikajiona rais.

Lambo nililikuta, limejaa tope. Josho nililikuta. Katikati palikuwa na dengu, na mama mmoja ameshika fimbo.

"We baba, ng'ombe wako wanaingia kwenye dengu zangu, unawaangalia tu?"

Nikamfungulia ramani. Hakuitazama. Akauliza mimi mtoto wa nani, na nilipotaja jina lako akashusha fimbo.

"Baba yako alimuuzia mume wangu hapa, wewe hujazaliwa. Kila mavuno alikuja kutusalimia, tukamfungia dengu za watoto."

Zile dengu, baba. Ulikuwa unatua gunia mlangoni na kusema, "Kuleni, zimetoka kwetu." Tukala, tukakushukuru.

Kuuza sikulaumu, labda shida ilikubana. Ila kidole kile, Jumapili baada ya Jumapili? Ulinionyesha shamba la watu huku unaniangalia machoni. Angenidanganya adui ningecheka. Wewe nakupenda mpaka leo, ndiyo maana silali.

Yule mama aliwachotea ng'ombe maji, mimi akanipa uji. Wenye nguvu niliwafikisha mnadani. Wengine walilala njiani, hawakuamka.

Pumzika, baba. Ile bahati niliyojisifia ni uongo. Sina ngitili, na sasa sina hata ng'ombe.

Mwanao,
Masalu