Ukiulizwa, Sema Wewe Ni Dada Yangu

Kebirigo,
9 Agosti 1973

Mpendwa Baba Ombati,

Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha vizuri na majani chai tunachuma kila siku. Mama yako bado anakohoa, lakini Sabato iliyopita alitembea mwenyewe hadi kanisani.

Barua yako ya kuniita Zambia ilinifurahisha. Nimekungoja miaka minne. Uliandika kwamba huko kuna joto kama la Kisumu, nyumba za walimu zina maji ya mfereji, na shule yenu inatafuta mwalimu wa kike. Niliaga darasa langu, nikaenda Nyamira kuulizia pasipoti. Jambo moja tu lilinisumbua: uliniagiza kwamba nikiulizwa huko, niseme mimi ni dada yako. Nilidhani ni mambo ya makaratasi.

Jumapili Jethro, unayefundisha naye, alikuja kutusalimu akiwa likizoni. Aliposikia kwamba nasafiri, aliweka kikombe chini.

"Shemeji, ukifika usigombane na yule mama," akasema. "Hana kosa. Aliambiwa mke wa Manasseh alikufa."

Mama yako alikuwa ameketi hapo hapo. Hakuuliza ni mama gani. Aliinamisha kichwa tu, nami nikajua kwamba alijua.

Siji, Manasseh. Nimerudi kwa wanafunzi wangu. Jethro atakuletea barua hii, na nyingine atampa yule mama mkononi. Nimemwandikia kwa Kiingereza chepesi na kwa upole, kwa kuwa yeye hajanikosea. Nimemwambia marehemu anamsalimu.

Mimi mkeo,
Esnah Gesare