Kofi Unalomsingizia Kimutai

Kitale,
Tarehe 9 Juni

Dada Joan,

Na hilo la kwamba Kimutai alinizaba kofi hadi nikawa kiziwi, ndilo sitaliacha lipite, hata kama mengine uliyosema kabla ya kunikatia simu nitayameza. Nakusalimu kwanza, kwa sababu Mama alitulea hivyo. Hujambo? Watoto hawajambo? Mguu wa Mama umepata nafuu? Mimi nimenona, tena nina furaha ambayo wewe unaiona kama ugonjwa.

Nasikia ulisimama mbele ya akina mama wa kanisa hapo Naitiri ukawaambia ati miezi minne tu ya ndoa na tayari natembea nikishika ukuta. Sasa Baba ameita wazee Jumamosi ya mwisho wa mwezi ili nirudishwe nyumbani. Dada, unataka kunitoa kwa mwanamume anayenichemshia maji ya kuoga kabla hajaenda kufungua duka lake la mbegu? Anayeniita Malkia mbele ya wateja, bila haya? Nikisikia pikipiki yake langoni moyo wangu bado unaruka kama siku ya kwanza. Wewe umefika kwetu mara moja, ukakataa chai.

Unakumbuka nikifanya kazi kwenye posho mill ya Myanga, nikisaga mahindi ya watu, nikilalamika kwamba sikio la kushoto linalia? Nilidhani ni ile mashine. Mlio ukanifuata hata Jumapili, mill ikiwa imefungwa. Wakati huo sikuwa nimemjua Kimutai. Yeye ndiye aliyegundua. Alikuwa akininong'oneza maneno matamu upande wa kushoto, nami nikitabasamu tu bila kujibu, hadi akaniuliza kama nimemchoka. Nikakiri kwamba sisikii. Hakununa. Alihamia upande wangu wa kulia, mezani, kanisani, njiani, na hajatoka huko mpaka leo.

Akanipeleka kupigwa picha ya kichwa. Wakakuta uvimbe kwenye mshipa wa kusikia, mkubwa kiasi cha punje ya hindi. Si saratani. Huo ndio unaonifanya niyumbe. Daktari wa Nairobi alieleza kwamba hawatanipasua: miale myembamba ya mionzi huelekezwa kutoka pande nyingi, kila mmoja dhaifu, yote ikakutana palepale kwenye uvimbe. Nililala nimefungwa kinyago usoni nisitikisike, na Kimutai akangoja nje ameshika viatu vyangu. Jioni hiyo tulikula chipsi. Kusikia kulikopotea huenda kusirudi. Kazi ya mionzi ni kuuzuia uvimbe usikue, na baada ya miezi sita watautazama tena. Kwa hiyo usiwaambie watu ati nilichomwa ubongo.

Sasa lililobaki ni gumu kuandika. Daktari aliuliza kama nimewahi kupigwa kichwani. Kimutai akadakia kwa hasira kwamba ndiyo, dada yangu mkubwa alinizaba sikio hilohilo nikiwa darasa la sita. Ni mimi niliyemwambia hivyo tukiwa wachumba. Ni lile kofi la maziwa niliyomwaga, unalikumbuka. Tangu nilipoacha kuilaumu mashine, niliamini ndilo lililoua sikio langu, na sikukuambia. Ndiyo sababu siku ya harusi alikupita bila kukupa mkono, nawe ukaondoka ukiapa kwamba ana kiburi. Nilimwona akikupita. Nikaendelea kukata keki.

Daktari alisema, "Hakuna kofi linaloweza kuotesha uvimbe huu."

Kimutai aliinamisha kichwa. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza.

Kwa hiyo umemsingizia mume wangu, lakini mimi nilitangulia kukusingizia wewe. Bado nimekukasirikia, usidhani ninakubembeleza. Mwambie Baba ukweli huu, au waache wazee wakae, wausikie kutoka kwangu. Kurudi nyumbani, sirudi.

Msalimie Mama, umwambie nampenda, na watoto uwabusu. Mimi na Kimutai tutafika Naitiri kabla mwezi huu haujaisha. Atakupa ule mkono aliokunyima. Wewe pika chai, nami nitainywa hata ukiipika kwa hasira. Na siku hiyo moja tu, Kimutai amekubali kukuachia upande wangu wa kulia.

Mdogo wako,
Nekesa