Maneno Niliyomtilia Baba Mkwe Mdomoni

Mtaa wa Salguero,
Buenos Aires.
9 Aprili 1947

Mpendwa dada Remigia,

Nakusalimu kwa furaha na aibu pamoja. U mzima? Kifua kimepata nafuu kwa hewa ya milima ya huko Salta? Sisi wazima. Ndoa tamu, dada. Kila asubuhi Fermín ananiamsha kwa kunisomea alichoandika, nami nasikiliza nimejifunika shuka mpaka puani, nikijiuliza nimetenda wema gani hata nikapewa mtu huyu.

Unajua wazazi wake waliigiza katika zile filamu bubu. Imebaki moja tu. Mwishoni baba yake, Don Baldomero, anamuaga mama yake stesheni, anamshika mikono, anasema kitu ambacho hakikuandikwa popote. Baada ya filamu ile Don Baldomero hakurudi tena nyumbani. Fermín alikuwa bado ananyonya. Kila mchezo wa kuigiza anaouandika unazunguka swali hilo: baba alisema nini?

Alipojua kwamba wewe usiyesikia ndiwe uliyenifundisha kusoma midomo, aliazima mashine ya kuonyeshea filamu, akatundika shuka letu la harusi ukutani.

"Nisomee, Neli. Baba anasema nini?"

Nilisoma. Ilikuwa wazi kama midomo ya mama akituita mezani. Don Baldomero alisema: "Maliza haraka, Ercilia. Mizigo yangu imeshatangulia, leo silali kwako."

Fermín alinitazama kama mtoto anayengoja sahani. Nikamwambia: "Anasema, hata treni ikiondoka, moyo wangu unabaki hapa."

Alilia, dada. Kesho yake picha ya baba yake ilitoka sandukuni ikapanda ukutani, na maneno yangu yakawa mwisho wa mchezo wake mpya. Utaonyeshwa Jumamosi.

Uliniapisha kwamba midomo ya mtu husomwa, haitiliwi maneno. Nimekiuka kwa mapenzi, na mapenzi hayanipunguzii mzigo. Kila anaponibusu natafuta pa kuanzia.

Jana mama mkwe, Doña Ercilia, alikuja kwenye mazoezi. Alinivuta kando.

"Binti, hayo ya moyo kayasoma nani?"

"Mimi, mama."

"Umesoma vizuri kuliko alivyosema."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema nitamweleza Fermín ukweli.

"Ukweli nimelala nao miaka yote hii, haujanipa joto ubavuni," akajibu. "Njoo tuketi."

Tuliketi mbele kabisa. Mwigizaji alipotamka maneno yangu, nikageuka. Midomo ya mama mkwe ilikuwa ikicheza bila sauti, kama enzi za kazi yake. Nikaisoma, Mungu anisamehe: "Basi na wewe baki."

Nitamwambia Fermín, dada. Ila si kabla ya Jumamosi. Mama mkwe ameomba awekewe kiti kile kile.

Nisalimie shemeji Anselmo na shangazi Visitación. Mungu akulindie macho, maana ndiyo masikio yako.

Mdogo wako akupendaye,
Nélida