Wito wa Nguruwe Redioni

Kinondoni, Dar es Salaam
3 Februari 1974

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mama pia, na lile goti lake liwe limepoa. Mie sijambo, ila mgongo tu, maana kuchonga mpingo ni kazi ya kuinama kutwa.

Najua hujajibu barua zangu tatu. Hii ya nne usiitie motoni kabla hujafika mwisho. Kwenye nyumba niliyopanga yupo fundi mitambo wa redio, anaitwa Salumu. Ana mashine kuukuu ya kunasa sauti, ya mikanda ya kuzunguka, aliiokota kwenye vitu vya kutupwa akaitengeneza. Jumapili tunaibeba sie wawili, nzito kama mgonjwa, tunapita nayo mitaani tunanasa chochote: Mwamvita akigeuza vitumbua, mzee Mwinjuma akigonganisha vikombe vyake vya kahawa, cherehani za barazani. Jioni tunarudi bandani, wachongaji wote tunapiga vigogo vya mpingo kwa nyundo na tezo, tukizifuata zile sauti. Hakuna aliyepangiwa apige nini. Kila mtu anaingia anapotaka.

Balozi wetu wa nyumba kumi alituita atuulize tunampeleleza nani. Tukamsikilizisha sauti yake mwenyewe akigombana na mbuzi. Alicheka mpaka akakaa chini, na sasa kila Jumapili anapita hapa eti kwa bahati, kavaa kanzu ya sikukuu, anakohoa karibu na mashine.

Sasa sikia. Redio imekubali kurusha dakika nne za ngoma yetu, Ijumaa tarehe 22, saa kumi jioni. Siku naondoka uliniambia sitakuwa mpigaji wa gogo kamwe, kwa sababu naongeza vitu visivyokuwamo. Nakuomba usikilize mara moja tu, halafu uniambie hii ni ngoma au si ngoma. Sitaki kingine.

Mwanao,
Anselmo


Kijiji cha Ujamaa Chilumbani, Newala
12 Februari 1974

Kwa Anselmo,

Salamu zimefika. Goti la mama yako limepoa, sasa linauma la pili. Mahindi yameanza kutoa ndevu na mie nalinda.

Swali lako nalijibu kabla sijasikia. Vikombe vya kahawa ni vya kahawa. Vitumbua ni vya kuliwa. Ulipokuwa na miaka tisa nilikuonyesha kwenye gogo langu la mgambo wito wa nguruwe, wa kuwaita watu nguruwe wakiingia mashambani, ukautia mikogo yako, watu wakaja na mikuki wakakukuta unacheza peke yako. Ndiyo maana sikukufundisha zaidi ya hapo.

Redio ya kijiji iko ofisini kwa mwenyekiti Fakihi, na Ijumaa hiyo anakuja bwana mkubwa wa wilaya kutuhutubia. Sitapata nafasi.

Mzee wa nyumba uliyoihama,
Albano


Kinondoni
23 Februari 1974

Baba,

Shikamoo! Tumerushwa! Mtaa mzima ulijaa kwa Mwamvita, vitumbua vikaungua vyote, hata hakujali. Je, ulisikia? Kama hukusikia wewe, hakuna aliyesikia huko? Nijibu hata kwa neno moja.

Mwanao,
Anselmo


Chilumbani
27 Februari 1974

Anselmo,

Sie ni wazima, yaani hatujafa.

Bwana mkubwa alichelewa, watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Redio ikawashwa dirishani ili wabaki. Usiniulize iliwashwa na nani. Mgeni akafika, akasimama, akaanza kutueleza habari za mbolea, na hakuna aliyethubutu kupita mbele yake kwenda kuizima. Ikaingia hiyo yako. Kwanza nikasikia makelele ya vyombo, nikasema moyoni, kumbe haya ndiyo yaliyomtoa nyumbani. Halafu mpingo ukalia: kong' ko-ko kong', kong' ko-ko kong'.

Wito wa nguruwe, Anselmo! Ndio wenyewe, haujakosewa hata pigo moja! Hapa nyumbani ulikuwa unakosea kila siku, umekwenda kupatia Dar es Salaam!

Kijiji kizima kikainuka. Wanawake na majembe, wanaume na mikuki, mbwa mbele. Bwana mkubwa akabaki na dereva wake na bibi Auleria, ambaye miguu haimruhusu. Alipouliza kuna nini, bibi akamwambia nguruwe wamekuja. Naye akakimbia, ila yeye alikimbilia kwenye gari.

Nguruwe hawakuwepo. Sasa Fakihi anasema mie na wewe tulipanga kumvunjia mgeni mkutano. Gogo langu limefungiwa stoo ya ofisi. Niliomba walau niufunge ule wito, yaani nipige mapigo ya kusema nguruwe wameondoka, wazee wakakataa: aliyeita ndiye anayefunga, na iliyoita ni redio. Na wito usipofungwa, hakuna atakayeitikia mwingine. Juzi nguruwe wa kweli wameingia shambani, tena kwa Fakihi mwenyewe. Tulisimama pembeni tunabishana tumeitwa au hatujaitwa, mpaka nguruwe wakashiba.

Mahindi yanakaribia kukomaa. Tukiendelea hivi hatuvuni hata gunzi. Umeliharibu kwa redio, litengeneze kwa redio.

Albano


Kinondoni
10 Machi 1974

Baba,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Pole sana, na mama mpe pole.

Haki ya Mungu sikukusudia. Siku ile tunanasa, nilikuwa navifuata vikombe vya Mwinjuma, nimefumba macho, mkono ukaenda wenyewe kwenye kitu unachokijua tangu utoto. Wenzangu wakadakia. Salumu akasema hapo ndipo patamu kuliko pote.

Tumekwenda redioni. Mkubwa wake Salumu alikisikiliza kisa chote, akavua miwani, akauliza, "Mnataka redio iwatangazie watu kwamba nguruwe hawapo?" Nikasema ndiyo. Akatuonyesha mlango. Salumu hakukata tamaa. Siku ya tatu akarudi na hoja nyingine: nguruwe ni adui wa kilimo, na kipindi cha wakulima kipo. Tumepewa nusu dakika.

Limebaki jambo moja, nalo linanitia aibu. Baba, sijui kufunga. Uliishia kwenye kuita. Naomba unifundishe kwa barua.

Mwanao,
Anselmo


Chilumbani
18 Machi 1974

Anselmo mwanangu,

Hatujambo. Nimeichana barua hii mara tatu, kwa sababu gogo halitaki kalamu. Mama yako alinikuta napiga meza kwa vijiko viwili huku naandika, akaenda kumwambia padri kwamba ule ugonjwa wa mtoto umenipata na mie.

Shika. Mkono wa kushoto mara tatu, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe. Wa kulia mara mbili. Hapo nyamaza, vuta pumzi moja ndefu, usiogope kimya. Ukimaliza kuvuta, mikono yote miwili kwa pamoja, pigo moja. Basi.

Nilifundishwa hivyo na baba yangu na sijawahi kumpa mtu. Usiongeze kitu, Anselmo. Nakuomba. Usiongeze kitu.

Albano


Kinondoni
30 Machi 1974

Baba,

Shikamoo. Mie mzima wa mwili tu, roho iko juu.

Tulinasa jana hapa bandani. Nimefanya mazoezi siku nne, kwenye meza, kwenye goti, mpaka Mwamvita akanifukuza kwenye karai lake. Kushoto mara tatu, sawa. Kulia mara mbili, sawa. Nikanyamaza, nikaanza kuvuta pumzi. Baba, katikati ya ile pumzi akapita mzee Mwinjuma na birika lake, anagonganisha vikombe! Nikampungia mkono aondoke, akafikiri nataka kahawa, akasogea. Nikapiga la mwisho hivyo hivyo.

Nilitaka turudie, lakini mkanda ulikuwa umefika mwisho na redioni walikuwa wanausubiri. Umeshapelekwa. Utarushwa Jumanne tarehe 9 Aprili, saa kumi na moja jioni.

Naapa safari hii sikuongeza kitu. Kimejiongeza. Kama watu watakataa na gogo likabaki stoo, sitaandika tena kukusumbua na habari za ngoma. Nitachonga vinyago, basi.

Mwanao,
Anselmo


Chilumbani
15 Aprili 1974

Mwanangu Anselmo,

Pasaka imepita salama. Magoti ya mama yako yamepona yote mawili, lakini mie hanisemeshi. Sababu utaiona hapo chini.

Jumanne kijiji kizima kilikaa mbele ya ofisi, majembe begani, Fakihi kaikumbatia redio kifuani kama mtoto mchanga. Zikapita habari za kupe, zikapita habari za pamba. Ukaingia wewe. Kushoto, sawa. Kulia, sawa, ingawa la pili lilikuwa na haraka. Ikaja pumzi, nikafumba macho. Mle ndani vikalia vile vikombe, kli, kli, kli, bila haraka, vikaja karibu, na pigo la mwisho likaanguka. Majembe yakabaki begani. Nikajua tumekwisha.

Bibi Auleria, ambaye hajacheka tangu tuhamie kijiji hiki, akasema, "Hao ndio nguruwe, wanaondoka. Sikieni kwato." Watu wakashusha majembe. Fakihi akaenda mwenyewe kufungua stoo.

Alhamisi wakaja nguruwe wa kweli. Nikaita, watu wakatoka, tukawafukuza mpaka mtoni. Nikafunga kama nilivyofundishwa na baba yangu. Hakuna aliyeshusha jembe! Wamesimama wananitazama. Bibi Auleria akapaza sauti kutoka barazani kwake, "Albano, mbona hujawaondoa?" Nikakimbia nyumbani nikachukua vikombe vya harusi vya mama yako, nikavigonganisha, ndipo majembe yakashuka. Vilikuwa vinne. Sasa ni vitatu.

Redio siku ile ya mkutano niliiwasha mie. Nilimdanganya Fakihi kwamba nataka kusikia hali ya mvua.

Uliniuliza swali mwezi wa pili na nikakujibu kabla sijasikia. Sasa nimesikia mara mbili. Ni ngoma.

Mnunulie mzee Mwinjuma vikombe vipya, umwombe vile vyake vya zamani. Usivitume kwa posta. Vilete mwenyewe kabla ya mavuno, maana nimejaribu siku tatu na sijui anavigonganishaje kwa mkono mmoja. Uje unifundishe.

Baba yako,
Albano