Ulianza Kurarua Kutoka Nyuma

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakuandikia nimesimama. Kiti kipo hapa kando, lakini hii ni wiki ya tatu sikalii kitu. Natoka dukani naingia stoo, nakiangalia kile kitabu, narudi dukani, namtajia mteja bei ya tairi ambalo hakuuliza. Fundi wangu amenishauri nikapimwe presha. Nimemwambia presha yangu ina kurasa mia moja na kumi na mbili.

Ndiyo, kitabu ni kile. Najua utasema ulirarua vitabu vingi, nikuambie ni kipi. Usinifanyie hivyo. Kile cha jalada la kijani, tamthilia ya Kiingereza ya zamani, ya mjane mwenye nyumba ya wageni. Mwanajeshi anapita pale kwenda vitani, anamwachia sanduku limefungwa kwa kufuli, anamwambia lilinde hadi nirudi. Mji mzima unakosa usingizi kwa sababu ya lile sanduku. Mimi pia. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sasa nina arobaini na tisa. Ni miaka thelathini na minane nataka kujua ndani kulikuwa na nini.

Ulikuwa na katoni nzima ya vitabu chini ya meza yako pale soko la Mukuyuni, vilivyotupwa na shule fulani iliyokuwa ikifagia maktaba yake. Kwako ilikuwa karatasi. Unang'oa moja, unaikunja faneli, unapima njugu kwa kile kikombe chako cha bati, unafunga mdomo kwa kidole gumba. Vile vya jiografia havikuniuma. Lakini ulizipenda tamthilia, kwa sababu karatasi yake ilikuwa nzito na mistari yake mifupi, kwa hivyo njugu hazikutoka na wino. Na kwa vile jalada la nyuma la kile cha kijani lilikuwa limeshaanguka, ulianza kurarua kutoka nyuma.

Sharti lako lilikuwa moja. Mama wa kanisa hawezi kufungia njugu jina la Mungu, mtu ale, atupe chini, likanyagwe na punda. Kiingereza hukukijua, basi kazi hiyo ilikuwa yangu.

"Hii ina jina la Mungu?"

"Haina, mwaitu."

"Na hii?"

"Haina."

Siku ile ya kwanza uliniuliza mara nane juu ya kitabu cha kijani, na mara nane nikasema ukweli. Karatasi nane, kurasa kumi na sita, mwisho wote wa ile hadithi, zikaondoka sokoni na njugu zako kabla ya saa nne asubuhi. Wakati huo sikujua nimesema ukweli juu ya nini. Nilikuwa bado sijakifungua mwanzoni.

Jioni yake nikakisoma. Kesho yake nikakulilia usikiguse. Ukacheka, mikono imejaa maganda. Ukasema, "Wewe soma kutoka huko, mimi nararua kutoka huku. Tutakutana katikati, tuone nani mwanamume."

Hapo ndipo nilipoanza kudanganya. Nilichukua penseli, nikaandika God pembeni mwa karatasi nilizozitaka. Si zote. Nilipiga hesabu: nikiweka Mungu kila mahali utashtuka, basi nikaweka moja kwa kila tatu. Ukaziangalia kwa muda.

"Mbona hili limeandikwa kwa mkono?"

"Mwenye kitabu alikuwa ameokoka."

Ukaitia karatasi kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, ule wa juu ya kabati, ulimoweka kila karatasi yenye jina. Na kwenye tamthilia ile jina lilikuwamo kweli, kwa wingi, maana mwanajeshi alikuwa mlevi na kila akilewa anaapa. Sikukuambia kamwe, mwaitu, kwamba zile karatasi ulizozihifadhi kwa heshima zilikuwa za matusi ya mlevi. Kila alipoapa, aliokoa ukurasa. Nilimpenda sana yule mtu.

Tulikutana ukurasa wa sitini na nne. Nilikuja kutoka shule nikakuta umeupita, na kipande nilichokuwa nakisubiri kiko mkononi mwa makanga mmoja wa basi, anakula njugu na kumtazama mjane wangu bila kumwona. Nikakuuliza mbele ya wateja, ndani ya sanduku kulikuwa na nini?

"Njugu," ukasema. "Ungesoma haraka ungejua."

Wateja wakacheka. Mimi nikakujibu neno ambalo mtoto wa Kikamba hamjibu mama yake. Nikasema kuanzia leo umtafute Mungu wako mwenyewe. Na kweli sikukukagulia karatasi tena. Wiki iliyofuata ukamaliza ile nusu ya mbele peke yako.

Hukunipiga. Afadhali ungenipiga, tungekuwa tumelipana.

Mengine unayajua. Darasa la nane nikaacha, nikaingia gereji, nikatoka gereji nikafungua banda la viraka hapa Mtito Andei, banda likawa duka. Hakuna aliyenishika mkono. Lakini kuna jambo ulikuwa ukiwaambia watu kanisani kwamba hulielewi: kwa nini mwanao mwenye duka la matairi ananunua vitabu vilivyoliwa na mende. Nina arobaini na kimoja sasa, vyote tamthilia za Kiingereza, vyote vilivyopigwa chapa kabla nyanya yako hajazaliwa. Vimekaa stoo kwenye rafu ya chuma, juu ya matairi ya lori, na majani ya mwarobaini katikati. Vitatu vya kwanza niliviharibu mwenyewe kwa kuvibandika selotepu, kabla sijajifunza. Siku hizi sibandiki, siandiki ndani, sivalishi jalada. Napima upana wa kurasa kwa kile kipimo cha kukagulia kina cha tairi. Nimejifunza kusoma zile namba za Kirumi za ukurasa wa mbele. Ulinitembelea mara moja, ukasimama pale mlangoni ukazihesabu rafu, ukaniuliza, "Na hivi vyote huwa vinafunga nini?" Sikucheka. Ningeweza kucheka, lakini sikutaka.

Kila dereva wa lori anayesimama hapa nimempa maelezo ya kile cha kijani. Kioko, yule wa Kitui, nilimwambia miaka tisa iliyopita. Mwezi uliopita akashuka na kitu kimefungwa kwa fulana.

"Bosi, nimekuletea kizee chako. Kinanuka kama godoro la nyanya yangu."

Kilikuwa kimetoka kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu kule Kitui, aliyefariki, watoto wake wakawa wanatoa vitu nje. Nilikifungua mbele. Mjane, nyumba ya wageni, sanduku. Nikaifuta mikono yangu, inayobeba rimu za lori, kwenye suruali.

"Unataka nini?" nikamwuliza.

"Matairi mawili ya nyuma. Mapya, si yale yako ya viraka."

"Kwa kitabu kimoja?"

"Mimi ndiye nimekuwa nikiulizia vitabu miaka tisa? Mzee, usinipotezee saa."

Akaondoka na matairi mawili. Nikakimbilia nyuma ya kitabu, kule ulikoanzia wewe, na nikakuta kumefungwa.

Nikueleze, maana hili hata mimi lilinichukua muda kulijua. Zamani kitabu kilitoka kiwandani karatasi zake zikiwa zimekunjwa na kushikana juu na pembeni, na mnunuzi alizikata mwenyewe kwa kisu kadiri anavyosoma. Mwalimu wa Kitui, au yeyote aliyekuwa nacho kabla yake, aliishia ukurasa wa tisini na sita. Karatasi nane za mwisho hazijawahi kukatwa. Zile zile nane, mwaitu. Miaka yote hiyo mwisho umo ndani na hakuna jicho lililouona.

Na kwa sisi watu wa vitabu vizee, karatasi ambayo haijakatwa haikatwi. Ni kama muhuri. Ukipitisha kisu umekipunguza, na hakirudi. Ningeweza kuchungulia kwa chini, nimejaribu kwa tochi, naona nusu mistari. Basi ndiyo maana sikai. Mwisho nimeupata na siwezi kuusoma bila kufanya kitendo ambacho nimekukasirikia miaka thelathini na minane.

Barua hii niliiacha hapo; Jumamosi nikafanya jambo la kiutendaji, na sasa naendelea. Niliamua kwanza nihakikishe ni toleo lile lile, na ushahidi pekee ulikuwa kwenye mkebe wako, ambao Nduku aliuchukua tulipokuzika. Nikaendesha hadi Kasikeu, kwa mume wake. Dada yangu hakunikaribisha hata kiti.

"Miaka minne nakuambia uchukue huu mkebe."

"Nilikuwa na kazi."

"Ulikuwa na hasira. Kazi tunazo sote."

Nikazitandaza karatasi kwenye meza yake, nikalinganisha moja moja na kitabu. Neno la kwanza la kila ukurasa, neno la mwisho, namba. Ni toleo lile lile. Kisha nikahesabu, maana sijui kuona vitu bila kuvihesabu. Karatasi za kitabu cha kijani zilikuwa ishirini na sita. Zenye jina la Mungu lililopigwa chapa, kumi na nne. Hata kwenye nusu ya mbele uliyoikagua peke yako hukulikosa, ulishalijua umbo la lile jina. Zenye penseli yangu, tisa. Kumi na nne na tisa ni ishirini na tatu.

Nikarudia. Nduku akaniambia chai inapoa. Nikarudia tena.

Zile tatu zilizobaki hazikuwa na jina popote ndani. Lilikuwa pembeni, kubwa, limeandikwa kwa makaa. Makaa ya jiko lako la kukaangia. Halikuandikwa na mtu anayejua kuandika. Lilichorwa, taratibu, kila herufi kivyake, kama mtu anayenakili mchoro wa kiondo alichosuka mwenzake.

Nikamwuliza Nduku kama ni yeye. Akasema, "Mimi nilikuwa na miaka mitano, ningeiba makaa ya mwaitu niishi?"

Mkebe ulikuwa wako. Ungeweza kutia humo karatasi yoyote na hakuna wa kukuuliza. Lakini sharti lilikuwa sharti, na wewe hukuwa mtu wa kuruka sharti lako, ulilifanyia njia. Ulimwandika Mungu wewe mwenyewe, kama nilivyofanya mimi, ili karatasi za mwanao zipone. Sasa nakuuliza, na najua sijibiwi: ile penseli ulijua? Ulipoziangalia kwa muda, ulijua?

Tena, mwaitu, uliziokoa zisizo zenyewe. Ukurasa wa ishirini na moja hadi ishirini na sita. Nilikuwa nimezisoma zamani, wiki ya kwanza, hazina lolote, ni mpishi anagombana na muuza samaki. Hukujua. Nani angekuambia, na mimi nilikuwa nimekataa kukukagulia? Ulichagua kwa kubahatisha, kutoka ile nusu iliyobaki, ukadhani labda sanduku limo humo.

Nilisimama uani kwa Nduku nikazunguka tangi la maji sijui mara ngapi. Hiyo sikuhesabu. Niliporudi nikamwomba kisu.

"Cha nini?"

"Cha mwaitu. Kile cha mpini wa waya."

"Kiko. Kimezoea vitunguu, usije ukalia."

Nilianza kutoka nyuma. Karatasi nane. Kisu chako bado kina makali, lakini kinapindia kushoto, kwa hivyo kingo zimetoka mbaya, zimechanika kama za faneli. Mtu wa vitabu akiziona atanihurumia.

Haya. Mwanajeshi anarudi, mzee, mguu mmoja. Wanafungua sanduku mbele ya mji mzima. Ni mawe. Mawe ya barabarani yamefungwa blanketi. Anasema alitaka pawe na kitu chake mahali, ili awe na sababu ya kurudi. Na mjane anasema alijua tangu siku ya kwanza alipolisukuma chini ya kitanda, mawe yana sauti yake. Wanamwuliza, kwa nini basi ulililinda? Anasema, kwa sababu aliniomba. Pazia.

Nilimsomea Nduku kwa Kikamba palepale. Akafikiri. Akasema, "Mawe? Afadhali njugu."

Lile neno nililokujibu sokoni, nalirudisha. Lilikuwa zito kuliko mimi siku ile, na bado. Karatasi zako tatu nimeziweka ndani ya kitabu kipya, mahali pake, ukurasa wa ishirini na moja hadi ishirini na sita, kwa hivyo sasa mpishi anagombana na muuza samaki mara mbili. Kisu Nduku amekataa kunipa, anasema kina kazi. Hata hivyo nimeanza kukaa. Mistari hii ya mwisho nimeiandikia kwenye kiti.

Lala salama mahali ulipo. Mimi ni yule mwanao aliyesoma polepole.