Ndege Ndani ya Kopo la Baba Mkwe

Mpendwa baba mkwe,

Tangu niolewe hapa Masukulu sijawahi kukutazama usoni, wala wewe hujanitazama. Ndiyo mila yetu: mke wa mtoto akisikia baba mkwe anakuja, anapinda njia na kujifunika khanga. Wenzangu sokoni Tukuyu hunicheka, wanasema hayo yamepitwa na wakati. Mimi nilishazoea. Tena tulipatana vizuri, kupitia wale ndege wako.

Wewe na kopo lako la sarafu za Afrika zenye ndege! Mimi nauza ndizi, na wateja wanaovuka mpaka kutoka Malawi hawakosi vichenji vya kwao mfukoni. Nikipata chenye ndege nakiacha kwenye sahani barazani, naingia jikoni. Nasikia miguu yako, kisha sarafu ikigonga sahani, kisha unampazia sauti mama mkwe ili nami nisikie: "Mama Ambakisye, huyu furukombe nimemtafuta sana. Mwambie mkweo ndaga fijo." Nilikuwa napokea shukrani hiyo nikiwa nimeinamia moto, nacheka peke yangu. Siku mama alipomsugua korongo wa Uganda kwa majivu, ulinuna mpaka jioni. "Sarafu siyo sufuria," ulisema.

Aliyebaki kupatikana alikuwa hondohondo wa Zambia. Juzi nimempata, nikamweka kwenye sahani kwa mazoea tu, maana wewe umeshalazwa Mbeya.

Jana mume wangu Ambakisye, aliyekuletea habari hizo, amerudi kutoka kukuona. Hata hakuketi. "Baba anasema umpelekee huyo ndege mwenyewe," akaniambia. "Mkononi."

Nyumba nzima imefurahi, wanasema umenipa heshima. Mimi naogopa, baba. Hata siku tulipomzika mdogo wake Ambakisye ulizunguka nyuma ya migomba ili tusikutane, na ulikuwa unalia. Leo unavunja mila kwa ajili ya nini? Naona kama unamaliza mambo yako. Nimewaza kusingizia homa ya mjukuu wako Lusajo, nimtume mume wangu na hiyo sarafu. Nilijiambia kwamba nisipoonana nawe, hutapata nafasi ya kuniaga.

Lakini umeniita, na sijawahi kukukatalia. Ambakisye atatangulia na barua hii, mimi nitafuata. Nitainua uso. Uliza bei ya ndizi, lalamikia uji wa wodini, nikosoe nilivyovaa. Nitajibu yote.

Ila nakuomba, baba, usiniage.

Mkweo,
Mama Lusajo